Mwongozo kwa Wasailiwa wa Nafasi ya Mtendaji wa Kijiji, Mkoa wa Katavi

Mwongozo huu ni kwa walioitwa kwenye usaili wa Mtendaji wa Kijiji katika halmashauri za Katavi. Wengi humaliza siku za mwisho wakitafuta koti la kuazima. Vaa nguo safi ulizozizoea, inatosha. Jopo humkumbuka aliyeonyesha kwamba anaijua kazi anayoiomba.

Anza na tangazo. Majukumu yaliyoorodheshwa humo ndiyo chimbuko la maswali: mtendaji ni msimamizi mkuu wa shughuli za serikali ya kijiji, katibu wa vikao vya halmashauri ya kijiji, mwangalizi wa ulinzi na usalama. Kuyakariri hakusaidii sana. Anayejibu "nitasimamia utawala bora" amerudia maneno ya waliomtangulia. Anayeeleza kwamba mkutano mkuu wa kijiji huitwa angalau kila baada ya miezi mitatu, kwamba wajumbe wake ni wakazi waliotimiza miaka 18, na kwamba mapato na matumizi atayasoma hapo kisha kuyabandika kwenye ubao wa matangazo, huyo jopo linamwona kazini tayari.

Jiandae zaidi kwa maswali ya mazingira. Ukiulizwa utafanyaje ukipangiwa Mishamo au Karema, "niko tayari kufanya kazi popote" ni jibu jepesi mno. Vijiji jirani na Hifadhi ya Taifa ya Katavi hupambana na tembo na viboko mashambani. Kwingine ng'ombe wameingia kwenye mpunga na pande mbili zimeshika fimbo. Katumba na Mishamo wapo waliokimbia Burundi mwaka 1972, na wengi wao baadaye walipewa uraia. Jibu kwa hatua: utamwita nani kwanza, utaandika nini, afisa ugani atathmini hasara lini, Mtendaji wa Kata ahusishwe wakati gani, polisi je? Usipoijua hatua fulani, kiri, kisha utaje utakayemuuliza. Kubuni kifungu cha sheria mbele ya watu wanaoisoma sheria kila siku ni kujichimbia shimo.

Lugha ni Kiswahili fasaha. Kuchomeka Kiingereza ili uonekane msomi hakukuongezei kitu kwa kazi ambayo mikutano yake hufanyika chini ya mwembe. Wasalimu wajumbe mara moja kwa heshima, ukae ukikaribishwa. "Waheshimiwa" katika kila sentensi huchosha.

Vyeti halisi, cheti cha kuzaliwa na kitambulisho kinachotambulika viwe kwenye bahasha tangu jana yake. Hati ya matokeo kwa kawaida haipokelewi badala ya cheti. Majina yakitofautiana kwenye nyaraka, shughulikia hati ya kisheria mapema, si asubuhi ya usaili. Nauli na malazi ni juu yako, na anayetoka mbali wakati wa mvua alale Mpanda.

Akitokea mtu wa kukuuzia nafasi, taarifa ni kwa TAKUKURU.

Mwishoni ukiulizwa kama una swali, usianze na mshahara. Ngazi yake kwa kawaida imetajwa kwenye tangazo. Uliza jambo la kazi, mfano utaratibu wa kukabidhiwa nyaraka na mtendaji anayeondoka. Kama huna swali, sema huna, shukuru, utoke.