Windows XP ya ofisini: ihamishie kwenye mashine pepe kabla diski haijafa

Ofisi na maduka mengi bado yana ile kompyuta moja isiyoguswa. Ina Windows XP, na ndani yake kuna programu ya hesabu au ya stoo ambayo aliyeiandika hapatikani tena. Kuisakinisha upya kwenye Windows mpya mara nyingi hugonga mwamba, kwa kuwa Windows ya biti 64 haiendeshi kabisa programu za biti 16. Basi hamisha mfumo wote, uendelee kufanya kazi katika dirisha lake ndani ya kompyuta mpya. Hiyo ndiyo mashine pepe, na VirtualBox ya Oracle, ambayo ni ya bure, inatosha.

Kazi inaanzia kwenye kompyuta ya zamani ingali hai. Iwashe, fungua Device Manager, na draiva ya IDE uibadilishe iwe Standard Dual Channel PCI IDE Controller. Kisha izime, usiiwashe tena. Wengi huiruka hatua hii, halafu XP ikiamka ndani ya VirtualBox huwakaribisha kwa skrini ya buluu yenye namba 0x0000007B: inatafuta diski kwa draiva ya ubao mama ambao haupo tena.

Sasa chomoa diski uiunganishe na kompyuta nyingine kwa adapta ya USB yenye soketi za IDE na za SATA. Kukopi mafolda hakusaidii. Unahitaji nakala ya diski nzima, biti kwa biti. Kwenye Linux mimi hutumia ddrescue, hasa diski ikishaanza kulialia, maana huokoa kwanza sehemu nzima, ndipo irudi kung'ang'ana na zilizooza. Amri ni ddrescue /dev/sdb stoo.img stoo.map, lakini hakikisha kwa lsblk kwamba diski yako kweli ndiyo sdb. Ukimaliza, igeuze: VBoxManage convertfromraw stoo.img stoo.vdi --format VDI. Diski halisi ifungie kabatini.

Unapounda mashine, usiipe makuu. XP ilitoka mwaka 2001, na Microsoft ilipendekeza RAM ya MB 128. MB 512 na prosesa moja ni nyingi kwake. Faili la stoo.vdi lipachike kwenye kidhibiti cha IDE, kwa sababu XP haina draiva ya SATA ya aina ya AHCI. USB iwe 1.1 au 2.0, kwani 3.0 haiijui. Mashine ikigoma kuwaka hata kidogo, ingia BIOS ya kompyuta mpya uwashe VT-x, au SVM ikiwa prosesa ni ya AMD.

XP itagundua kwamba vifaa vimebadilika na huenda ikadai kuamilishwa upya, kwa hiyo nakili namba ya leseni iliyobandikwa kwenye kasha kabla kasha halijatupwa. Leseni iliyouzwa pamoja na kompyuta kwa kawaida haihami, na hilo ulijue mapema.

Intaneti ikatie kabisa: kwenye mipangilio ya mtandao chagua Not attached. Microsoft iliacha kuitolea XP marekebisho ya usalama tarehe 8 Aprili 2014, na programu ya stoo haina shughuli na kivinjari. Ripoti zitoe kupitia folda ya pamoja, ambayo inahitaji Guest Additions zisakinishwe kwanza. Kabla ya kila jaribio, hifadhi hali ya mashine kwa Snapshots, ila hizo si chelezo. Chelezo ni folda nzima ya mashine, ikiwa imezimwa, kukopiwa kwenye diski ya nje.

Kama kompyuta yako mpya ni Mac yenye chipu ya M1 au ya baadaye, VirtualBox haitaiendesha XP. Tumia UTM, ukubali mwendo wa pole. Windows 98 nayo ipeleke 86Box, maana VirtualBox haina Guest Additions zake. Programu ya DOS haihitaji yote haya: DOSBox itaifungua.