Nakshi za Rangi juu ya Jiwe la Kisii

Katika nchi ya Abagusii, ambayo leo ni Kaunti za Kisii na Nyamira, mahali pajulikanapo zaidi kwa uchongaji ni Tabaka, huko Mugirango Kusini. Hapo huchimbwa jiwe laini liitwalo jiwe la sabuni. Ulaini wake ni mkubwa, hata huweza kukatwa kwa panga na kuchongwa kwa kisu. Mtu anunuaye bakuli la jiwe hilo hudhani kuwa ni kazi ya fundi mmoja. Sivyo.

Mchongaji hulipa jiwe umbo lingali na unyevu, maana vumbi la jiwe kavu hudhuru mapafu. Kisha bakuli hupelekwa kwa wasuguaji, ambao wengi wao ni wanawake. Hao hulisugua kwa msasa na maji mpaka alama za kisu zitoweke. Kazi hiyo hudharauliwa bure; mkwaruzo mmoja ukisahauliwa, rangi itajikusanya humo na kila mtu ataiona.

Bakuli likisha kukauka hupakwa rangi, nyeusi, nyekundu au buluu. Rangi hainywewi ila na uso wa jiwe. Ndipo mtia nakshi huchukua chuma chenye ncha kali akakwaruza, na kila apitapo, rangi hubanduka na weupe wa jiwe hutokea: hapa shingo ya twiga, pale jani. Akikosea hana la kufuta. Uso wote husuguliwa na kupakwa upya. Kwa hiyo yafaa apatane na mchongaji mapema, kwa kuwa penye mkunjo mkali chuma huteleza.

Ulaya iko kazi inayofanana na hiyo. Msanii hupaka bamba la shaba nta, akachora kwa sindano, na tindikali hula shaba pale nta ilipoondoka. Fundi wa kupiga chapa hujaza wino katika mifereji hiyo, hufuta uso wa bamba, kisha hulipitisha mtamboni pamoja na karatasi yenye unyevu. Picha ya rangi nyingi huweza kuhitaji mabamba kadhaa, na karatasi sharti ilale mahali pale pale kila mara. Wawili hao hutazama pamoja nakala za kujaribia, wakabishana juu ya rangi, wakarudia.

Mwaka 1891 Mary Cassatt, Mmarekani aliyekaa Ufaransa, alitoa picha 10 za namna hiyo, kila moja nakala 25, akisaidiwa na fundi Leroy. Juu ya nakala iliandikwa kwamba zilipigwa chapa na msanii pamoja na Bwana Leroy.

Tabaka nayo ina jina lililovuka bahari: ndege wa jiwe aliyechongwa na Elkana Ong'esa yuko makao makuu ya UNESCO, Paris. Lakini chini ya bakuli la dukani mara nyingi huandikwa neno Kenya tu. Mnunuzi aliyependezwa na twiga yule, akitaka mabakuli mengine 12, hajui amwulizie nani.