APAREI YA FOTO YA NKAMBO: USIIUZE KWA KILO



Katika miji ya shaba kama yetu, chuma cha zamani hakikosi mununuzi. Sufuria iliyotoboka, injini ya pikipiki iliyokufa, yote inapimwa kwa kilo. Mara ingine aparei ya foto ya zamani inakwenda kwa njia hiyo hiyo. Ilikuwa ndani ya valizi ya nkambo, haipige tena picha, hakuna mutu anayejua kuitumia. Basi, inatupwa katika mufuko pamoja na vyuma vingine. Fundisho hili linataka kuonyesha mambo mawili. La kwanza: aparei nyingi za namna hiyo hazikufa, zimelala tu. La pili: ndani yake mara ingine mnabaki picha ambayo hakuna mutu aliyeiona bado.

1. Aparei inafanya kazi namna gani?

Aparei ya filimu ni sanduku la giza. Iko na sehemu ine za kujua:

a) Kioo cha mbele, ndiyo lensi. Kinakusanya nuru.
b) Tundu la nuru. Linapanuka na kubana kama mboni ya jicho. Namba zake ni 2,8 – 4 – 5,6 – 8 – 11 – 16. Kila ukipanda namba moja, nuru inapunguka nusu.
c) Mulango wa nuru. Unafunguka na kufungika upesi. Namba 125 maana yake ni sehemu moja ya 125 ya sekunde.
d) Filimu. Imepakwa chumvi za madini ya feza. Nuru ikigusa chumvi hizo, zinabadilika, na dawa ya kusafisha filimu inazifanya kuwa nyeusi. Ndiyo sababu katika negativu shati nyeupe inaonekana nyeusi.

Hapa kuna kanuni moja ya kukamata kwa kichwa. Jua likiwaka vizuri, weka tundu kwenye 16, na mulango kwenye namba iliyo karibu na namba ya filimu. Filimu ya 100, weka 125. Picha itatoka. Haiombi mashini ya kupima nuru.

Kodak ya Marekani ilianza kuuza sanduku lake liitwalo Brownie mwaka wa 1900 kwa dola moja. Leica ya Ujerumani ilianza kuuzwa mwaka wa 1925. Kwa miaka mingi kisha hapo, aparei nyingi zilitumika bila batri, kwa resori na meno ya chuma tu. Angalieni tofauti: batri za simu nyingi za leo ziko na kobalti, madini ambayo sisi watu wa Fungurume tunatembea juu yake kila siku. Batri ikikufa, simu haipige picha. Lakini aparei ya mwaka 1955 haiombi kobalti hata kidogo. Inaomba mutu mwenye kuifahamu.

2. Mufano mumoja wa inchi yetu

Jean Depara alizaliwa Angola mwaka wa 1928. Mwaka wa 1950 alinunua aparei ndogo ya Adox juu ya kupiga picha za ndoa yake. Kisha akaketi Léopoldville, ndiyo Kinshasa ya leo. Huko hakuishi kwa foto tu: alitengeneza makinga, alitengeneza aparei za foto, tena aliuza vyuma vya zamani. Mwaka wa 1954 mwimbaji Franco alimuita kuwa fotografe wake. Depara alikufa mwaka wa 1997, lakini negativu zake zilichungwa, na leo watu wa inchi nyingi wanaona usiku wa Kinshasa ya miaka ya 1950 na 1960 kwa sababu yake. Huyu alijua bei ya chuma kwa kilo kupita sisi wote. Hata hivyo negativu zake hakuzihesabu kuwa takataka.

3. Mbele ya kukamata turnevisi

Hapana kufungua mugongo wa aparei kwa haraka! Zungusha polepole kile kifungo cha kurudisha filimu. Kama kinakaza, filimu iko ndani. Bonyeza kile kidude cha chini kinachoachia filimu, irudishe mpaka mwisho, ndipo ufungue, tena ndani ya chumba chenye giza. Filimu iliyolala miaka makumi inaweza kuwa bado na picha. Nuru ya sekunde moja inaiharibu kabisa.

Jambo la pili ni hatari. Kama aparei iko na flashi ndani yake, mwanafunzi asiifungue. Umeme unabaki ndani hata ukiondoa batri, na unaweza kupita volti 300.

4. Magonjwa manne na dawa yake

Mulango unaochelewa. Weka namba ya sekunde moja, sikiliza. Kama mulango unakwama ao unafunguka muda mrefu kupita, mafuta ya zamani yamekauka. Usiongeze mafuta! Mafuta mapya yanafika kwenye majani ya chuma na kuyagandisha. Kwanza kaza na kuachia mara makumi. Mara mingi inaamuka yenyewe.

Nuru inayopenya. Aparei nyingi za Japani za miaka ya 1960 na 1970 ziko na sponji nyeusi kando ya mulango wa nyuma. Sponji hiyo inaoza na kuwa kama lami. Ipanguse yote kwa kijiti na alkoli kidogo, kisha weka uzi mweusi wa sufu katika mufereji wake.

Ukungu katika lensi. Unaonekana kama uzi wa buibui. Unatoka kwa unyevu, na mvua zetu za Novemba mpaka Aprili zinaupenda sana. Usichunge aparei ndani ya mufuko wake wa ngozi, juu ngozi inashika maji. Iweke pahali pakavu, penye hewa.

Batri iliyovuja. Ukiona unga mweupe ao wa kijani, pangusa kwa pamba yenye siki kidogo sana, kisha kausha vizuri.

Ukifungua kitu, tandika kitambaa cheupe juu ya meza, na kila visi iweke juu ya karatasi ulipochora pahali pake. Visi moja ikipotea, kazi yote imepotea. Na kile kitambaa chembamba cha mulango wa nuru, usikiguse hata kwa kidole.

5. Kwa nini tujisumbue?

Picha nyingi za zamani za kazi ya shaba katika Katanga zilipigwa kwa ajili ya kompani, Union Minière. Kompani ilichagua nini cha kuonyesha: mashini, tanuru, mustari wa wafanyakazi. Sammy Baloji, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka wa 1978, alikamata picha hizo na kuziweka juu ya picha mpya za viwanda vilivyoanguka. Kazi hiyo ya mwaka 2006 inaitwa «Mémoire», ndiyo kumbukumbu. Inatuuliza: watu hawa walikuwa nani?

Jibu halitoki katika sanduku za kompani peke yake. Kwa fotografe wa mutaa, mufanyakazi yule yule alikuja siku ya Mungu na koti lake, bibi yake na mutoto wake wa kwanza. Pale alichagua yeye mwenyewe namna ya kuonekana. Picha hizo ziko katika manyumba yetu, na negativu zake katika sanduku za wazee. Tukiuza sanduku kwa kilo, inabaki picha ya kompani tu.

MASWALI NA KAZI

1. Kwa nini shati nyeupe ni nyeusi katika negativu?
2. Filimu ni ya 400, jua linawaka. Utaweka tundu na mulango kwenye namba gani?
3. Utajua namna gani kama filimu iko ndani ya aparei?
4. Siku za likizo, omba wazee wa nyumba yenu wakuonyeshe picha ya zamani. Andika kwa karatasi, kwa kalamu ya risasi: nani, wapi, mwaka gani. Usiandike juu ya picha. Fanya hivi wakati mwenye kujua majina angali nasi.