Habasoda ya Mama na Vidonge vya Sukari

Wadogo zangu, swali la wiki hii limetoka Karatina. Binti anasema mamake, mgonjwa wa sukari, amenunua chupa ya mafuta ya habasoda Nyeri mjini, na tangu siku hiyo vidonge vyake vya metformini havijaguswa. "Dada, nimnyang'anye hiyo chupa?"

Usimnyang'anye, mpenzi. Habasoda haikuzuliwa na wachuuzi. Hadithi ya Mtume iliyomo katika Bukhari inaitaja kuwa tiba ya kila maradhi isipokuwa mauti, na Ibn Sina aliiingiza katika Al-Qanun, kitabu chake cha tiba alichokikamilisha mwaka 1025. Nasi wa huku mlimani tumekua tukitafuna gome la muthiga tukishikwa na kikohozi, kwa hiyo hatuna sababu ya kuidharau mbegu ya wenzetu.

Mama aambiwe jambo moja tu, kwa upole. Mwaka 2010 watafiti wa Saudi Arabia walitoa matokeo ya wagonjwa 94 wa sukari waliopewa habasoda, gramu 1, 2 au 3 kwa siku. Waliotumia gramu 2 sukari yao ilishuka vizuri ndani ya wiki 12. Lakini wagonjwa hao walikuwa wakiendelea kumeza dawa zao za hospitali! Habasoda iliongezwa juu ya vidonge, haikushika nafasi yake. Habari hii ndiyo haifiki sokoni, na inaniuma, kwa sababu sukari iliyoachwa hivi hivi hula macho, figo na miguu kimya kimya. Nyeri tunalijua hilo. Serikali ilipoanza majaribio ya afya kwa wote mwishoni mwa 2018, kaunti yetu iliingizwa kati ya nne za kwanza kwa sababu ya wingi wa magonjwa ya aina hii.

Basi arudie vidonge leo, na siku ya kliniki abebe ile chupa amwonyeshe daktari, bila kuona haya. Habasoda nayo hushusha sukari, hivyo ikikutana na dawa, hasa insulini, sukari inaweza kushuka kupita kiasi. Ukimwona anatetemeka, anatoka jasho na kuchanganyikiwa, mpe chai yenye sukari nyingi papo hapo, kisha apimwe. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au anayengoja upasuaji, amweleze daktari kabla ya kuionja. Na wewe mjamzito, mbegu chache juu ya mkate zinatosha. Mafuta ya chupa yaache hadi ujifungue.