Washirika katika Moto: Umeme, Deni na Nyuklia katika Mizani ya Sharia

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, muhula huu katika fiqhi ya muamala tumefika mlango wa mali za umma. Baada ya darasa, ndugu zetu wa uhandisi walituuliza: je, Uganda ijenge kinu cha nyuklia kule Buyende, au iendelee na maji na jua? Wengine walijibu kuwa hayo ni mambo ya wanasiasa. Mimi naona ni mambo yetu, kwa sababu deni litakalochukuliwa leo litalipwa na sisi tulio madarasani sasa. Basi tulisome kama tunavyosoma mas-ala yoyote: dalili kwanza, kisha hali ilivyo, kisha hukumu.

1. Dalili: maji, malisho na moto

Katika Sunan Abi Dawud na Ibn Majah imepokewa kwamba Mtume (S.A.W.) alifundisha kuwa Waislamu ni washirika katika vitu vitatu: maji, malisho na moto. Wanazuoni wametofautiana kuhusu "moto". Wapo waliosema ni kuni za pori lisilo na mwenyewe. Wanazuoni wa Kihanafi wameeleza kuwa mwenye kuwasha moto hana haki ya kumzuia mwenzake kuota joto lake au kuwashia taa yake, lakini kaa lenyewe ni mali ya mwenyewe. Baadhi ya wanazuoni wa zama zetu wamepima nishati kwa hadithi hii.

Tufahamu mpaka wake. Maji ya mto ni ya wote, ila aliyeyateka na kuyabeba ana haki ya kuyauza. Kwa hiyo kulipia umeme si dhulma. Aliyejenga bwawa na kuvuta nyaya amefanya kazi. Dhulma huingia pale chanzo cha wote kinapogeuzwa kuwa pato la wachache, au mwananchi anapolipishwa kitu ambacho hakukipata.

Dalili ya pili ni kisa cha Abyadh bin Hammal. Aliomba apewe chumvi ya Maarib, naye Mtume (S.A.W.) akampa. Kisha mtu mmoja akaeleza kuwa chumvi ile ni kama maji yasiyokauka, na Mtume (S.A.W.) akairudisha. Hapa tunapata mambo mawili: rasilimali kubwa ya umma haipewi mtu mmoja, na kiongozi anayepata habari sahihi hubadilisha uamuzi bila kuona aibu.

2. Hali ilivyo Uganda

Umeme wetu mwingi unatoka Mto Nile. Mwaka 2005 na 2006 ukame ulishusha maji ya Ziwa Victoria, mgao wa umeme ukawa mkali, na serikali ikakodi mitambo ya dizeli kwa bei kubwa. Tangu hapo tumejenga sana. Bujagali (megawati 250) lilikamilika mwaka 2012 kwa karibu dola milioni 900. Isimba (megawati 183) lilifuata mwaka 2019. Karuma (megawati 600) lilizinduliwa rasmi Septemba 2024 kwa takribani dola bilioni 1.7, na sehemu kubwa ya fedha hizo ni mkopo wa benki ya Exim ya China.

Leo mitambo yetu ina uwezo wa zaidi ya megawati 2,000, hali mahitaji ya juu kabisa ni kidogo zaidi ya nusu ya hapo. Hata hivyo mama zetu bado wanapika kwa kuni na mkaa, na anayenunua Yaka anajua jinsi uniti zinavyokwisha upesi. Mitambo ipo. Kinachopungua ni nyaya za kuufikisha umeme vijijini, na bei ambayo maskini anaimudu. Bujagali limejadiliwa bungeni mara nyingi kwa sababu ya bei yake, na mwaka 2018 mikopo yake ilipangwa upya ili bei ishuke. Mikataba mingine inataka umeme ulipiwe hata usipotumika.

Juu ya hayo, mwaka 2023 Waziri wa Nishati, Ruth Nankabirwa, alitangaza mpango wa kinu cha nyuklia cha megawati 2,000 Buyende, karibu na Ziwa Kyoga, na megawati 1,000 za kwanza zilitajwa kwa mwaka 2031.

3. Hoja za pande mbili

Uadilifu unatutaka tumsikilize kila mmoja kwa hoja yake yenye nguvu.

Wanaounga mkono nyuklia wanasema: jua huzama, upepo hutulia, na mto hupungua kama tulivyoona mwaka 2005. Kinu cha nyuklia hufanya kazi usiku na mchana, hakitoi moshi, hutumia fueli kidogo, na chaweza kudumu miaka 60. Wanaongeza kuwa bei ya jua inayotangazwa ni ya pale paneli zilipo tu. Ukiongeza betri, nyaya ndefu na mitambo ya akiba, hesabu inabadilika. Hoja hii ni ya kweli. Kenya ilijenga mitambo ya upepo ya Ziwa Turkana (megawati 310), ikakamilika mwaka 2017, lakini njia ya umeme ilichelewa hadi 2018, na mwananchi akabebeshwa fidia ya umeme ambao haukumfikia.

Wanaopinga wanasema: nyuklia inataka fedha nyingi mwanzoni, inachelewa, na kila mwaka wa kuchelewa riba inaongezeka. Taka zake zinahitaji kulindwa kwa vizazi vingi. Tena wataalamu wa gridi hushauri mtambo mmoja usizidi takribani asilimia 10 ya gridi nzima, kwani ukizimika ghafla nchi yote huingia gizani. Mtambo mmoja wa megawati 1,000 unakaribia mahitaji yetu yote ya leo. Bila gridi iliyoungana vizuri na Kenya na majirani wengine, hauna pa kukaa.

4. Waislamu wenzetu wamefanya nini?

Falme za Kiarabu zilisaini mwaka 2009 mkataba wa takribani dola bilioni 20 na kampuni ya Korea Kusini. Kinu cha nne cha Barakah kilianza kazi ya kibiashara Septemba 2024, na vinu vyote vinne hutoa takribani robo ya umeme wa nchi. Lakini nchi hiyo hiyo mwaka 2020 ilipata zabuni ya umeme wa jua kwa senti 1.35 za dola kwa uniti, na Januari 2025 ikatangaza mradi wa jua na betri wa takribani dola bilioni 6, wa kutoa megawati 1,000 saa zote 24. Mwenye fedha zake na jangwa lake anaweza kufanya yote mawili.

Uturuki iliwaachia Warusi wajenge na kumiliki kinu cha Akkuyu, ikaahidi kununua sehemu ya umeme wake kwa senti 12.35 kwa uniti kwa miaka 15. Misri ilichukua mkopo wa Urusi wa hadi dola bilioni 25 kwa ajili ya El Dabaa, kwa riba ya asilimia 3. Hali yetu inafanana zaidi na ya Misri.

5. Kupima kwa sharia

Kwanza, nyuklia si haramu kwa dhati yake. Asili ya vitu ni uhalali, na elimu ya atomu ni neema kama elimu nyingine.

Pili, kanuni ya kutodhuru wala kudhuriana. Wakazi wa Buyende watakaohamishwa walipwe haki yao kabla ya trekta kufika, si baada. Na vizazi vijavyo nao wana haki juu yetu kuhusu taka.

Tatu, riba. Mradi ambao sehemu kubwa ya gharama yake ni mkopo wa miaka mingi unatuingiza zaidi katika riba kuliko mradi mdogo unaokamilika upesi na kuanza kujilipa. Njia nyingine ipo: mwaka 2017 kampuni ya Malaysia ilitoa sukuk ya kijani ya ringgit milioni 250 kujenga umeme wa jua Sabah. Uganda ilirekebisha sheria ya benki mwaka 2016, na benki ya kwanza ya Kiislamu ikapata leseni mwaka 2023. Mlango uko wazi kwa watakaousoma.

Nne, uwazi. Aya ya deni katika Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, inaamrisha deni liandikwe na lishuhudiwe. Ikiwa deni la watu wawili lina shahidi, vipi mkataba wa umeme wa mamilioni ya watu ufichwe kabatini?

Tano, tadbiri. Nabii Yusuf (A.S.) alipanga miaka kumi na minne mbele, lakini alipanga kwa hesabu ya mavuno na matumizi, si kwa fahari ya ghala.

Hitimisho

Rai yangu, na Allah ndiye Mjuzi zaidi: tusikatae nyuklia, bali tuitangulizie yaliyo wajibu zaidi. Umeme tulionao ufike majikoni, nyaya zijengwe, mikataba ya zamani iwekwe wazi, na jua liongezwe kidogo kidogo tunapohitaji. Tuwasomeshe vijana wetu elimu ya nyuklia tangu sasa. Siku mahitaji na gridi vitakapokua, tuingie tukiwa na wataalamu wetu na fedha isiyotufunga shingo. Anayeona kinyume alete dalili na hesabu yake. Hiyo ndiyo shura.

Maswali ya kujadili katika halaqa

1. Je, kulipia umeme usiotumika kunaingia katika kula mali kwa batili, au ni sharti halali la mkataba?
2. Kama umeme ni sehemu ya "moto" wa hadithi, maskini ana haki gani juu ya bei yake?
3. Kisa cha Abyadh kinatufundisha nini kuhusu kupitia upya mikataba iliyokwisha sainiwa?

Wabillahi tawfiq.