Maneno ya Kila Siku na Dharau kwa Wenyeji: Mfano wa Somo la Darasa la VI

Mwalimu hufundisha kwa maneno, na mara nyingine maneno hayo hufundisha jambo asilolikusudia. Tuchukue sentensi isikikayo katika madarasa mengi: “Speke aligundua Ziwa Viktoria mwaka 1858.” Mwaka ni sahihi; kitenzi ndicho chenye walakini. Je, wavuvi waliovua samaki humo na kuliita Nyanza hawakulijua?

Mwalimu wa Kihanga hana haja ya kutafuta mfano wa mbali. Mwaka 1861 Speke na mwenziwe Grant walipokewa kwa ukarimu hapa Karagwe na Mukama Rumanyika, huko Bweranyange. Katika kitabu chake cha mwaka 1863 Speke alimsifu mfalme huyo, lakini alidai kwamba watawala wa nchi hizi walikuwa uzao bora uliotoka Uhabeshi. Maana yake ni kwamba mwenyeji mweusi hakuweza kujijengea dola. Dai hilo likaingia vitabuni, likawa msemo wa kawaida. Mwaka 1992, nchini Rwanda, mwanasiasa Léon Mugesera alihutubia akitaka Watutsi warudishwe Uhabeshi kwa njia ya Mto Nyabarongo. Maji ya mto huo huingia Kagera, mpakani mwetu. Mwaka 1994 yalileta miili ya watu.

Wala kosa hili si la wageni pekee. Zamani watu wa pwani waliwaita watu wa bara washenzi. Leo watu wa bara nao huwatupia wengine neno hilo. Waakie huitwa “Wandorobo”, jina litokanalo na neno la Kimasai lenye maana ya mafukara wasio na ng’ombe. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi husemwa kuwa “bado wako nyuma”, kana kwamba kuwinda na kurina asali si maarifa.

Shabaha ya somo: Mwanafunzi aweze kutambua neno la dharau na kuliandika upya kwa haki.

Hatua ya 1. Andika ubaoni: “Speke aligundua Ziwa Viktoria.” “Wandorobo bado wako nyuma.”

Hatua ya 2. Vikundi vijadili: Nani anasema? Nani anasemwa? Mwenyewe hujiitaje? Yuko nyuma ya nani?

Hatua ya 3. Waandike upya, kwa mfano: “Speke alifika ziwani mwaka 1858.” “Waakie ni mabingwa wa kurina asali.”

Hatua ya 4. Nyumbani wawaulize wazee majina ya Kinyambo ya vilima na mito, na maana zake. Kesho yake wayasome darasani.

Tahadhari: Usimwadhibu mtoto aliyetumia neno la dharau, kwani amelirithi kwa wakubwa. Kadhalika usimsimamishe mtoto wa jamii inayotajwa awe kielelezo mbele ya wenzake. Hatimaye mwalimu hana budi kuchunguza maandalio yake mwenyewe kwa maswali yale yale ya hatua ya 2.