Ramani ya Nyumba Ichorwavyo kwa Mkono

Mara nyingi mwashi ajengaye nyumba hamjui kabisa mtu aliyeichora. Hawakukutana wala hawakuzungumza. Neno lililo kati yao ni karatasi moja, na mwashi hana budi kuitii. Katika ramani iliyochorwa kwa kipimo cha 1 kwa 100, milimita 1 ya karatasi ni sentimita 10 za ukuta. Basi mchoraji akikosa kwa upana wa kichwa cha kiberiti, mwenye nyumba aweza kuletewa mlango usioingia mahali pake, na mawe yaliyokwisha kulipiwa yabomolewe.

Kwa sababu hiyo kazi hii huanza kwa vyombo, tena huanza kwa kuvijaribu. Vyombo vyenyewe si vingi: ubao wa kuchorea ulio laini na wenye ukingo ulionyoka, rula ndefu yenye umbo la herufi T, vibao viwili vya pembetatu ambavyo wanafunzi huviita seti-skwea, kimoja chenye pembe za digrii 45 na kingine chenye 30 na 60, bikari, rula ya vipimo, penseli, raba, na kipande cha msasa. Karatasi hushikwa ubaoni kwa utepe wa gundi penye pembe zake nne.

Watu wengi hudhani ya kuwa chombo kilichotoka dukani ni sahihi. Sivyo. Ili kuijaribu rula ya T, mwanafunzi huchora mstari mrefu kwa ukingo wake wa juu, kisha huigeuza rula ile juu chini, akaupitisha ukingo ule ule katika ncha mbili za mstari. Mistari miwili ikiachana katikati, rula imepinda. Seti-skwea nayo husimamishwa juu ya rula ya T na kuchorewa mstari wa wima. Halafu hugeuzwa upande wa pili na kuchorewa tena kutoka nukta ile ile. Ikiwa mistari yafuatana, pembe yake ni mraba kamili. Ikiwa yaachana kama matawi ya mti, nafasi iliyo kati yao ni kosa mara mbili. Jaribio hili halina gharama, tena huchukua dakika tano tu. Ni ajabu kwamba wengi hawalifanyi.

Penseli yastahili kuangaliwa kuliko vyote. Iliyoandikwa 2H ni ngumu, nayo hufaa mistari myepesi ya kutangulia. H au HB hufaa mistari ya mwisho iliyo myeusi. Zile za B ni laini mno, huacha vumbi jeusi chini ya kiganja. Mchoraji hunoa ncha kwa msasa mara kwa mara, na anapovuta mstari huizungusha penseli polepole katikati ya vidole, ili ncha iishe sawasawa pande zote na mstari usinenepe kadiri uendavyo. Penseli huvutwa wala haisukumwi. Kichwa cha rula ya T hubanwa penye ukingo wa kushoto wa ubao, na kwa mtu wa mkono wa kushoto, ukingo wa kulia. Kisihamishwe kwenda ukingo wa juu au wa chini, maana si bao zote zilizo mraba. Kazi huanza juu ya karatasi na kushuka, ili mkono usipite juu ya mistari iliyokwisha kuchorwa.

Nyumba haiwezi kuelezwa kwa sura moja. Huchorwa kama ionekanavyo kutoka juu baada ya kuta kukatwa. Huchorwa sura yake ya mbele na za ubavuni. Na huchorwa mkato, kana kwamba imepasuliwa kwa kisu toka paani hata msingini. Sura zote hupangwa zikilingana, dirisha la sura ya mbele likiwa wima sawa na dirisha lile lile katika sura ya juu. Kanuni za kulinganisha sura hizo zilipangwa vizuri na Gaspard Monge, Mfaransa aliyefundisha katika chuo cha wanajeshi wahandisi huko Mézières. Zilifichwa kwa miaka mingi kwa sababu zilitumiwa katika kupanga ngome, na mwaka 1795 Monge alizifundisha waziwazi huko Paris.

Mistari nayo ina lugha yake. Ukuta uliokatwa huonyeshwa kwa mstari mnene, vipimo kwa mstari mwembamba, na kitu kilichofichika kwa mstari wa vipande vipande. Mwashi naye hujifunza kufuata tarakimu zilizoandikwa, asipime karatasi kwa rula yake, kwa kuwa karatasi hunyauka na kutanuka. Azidi kujihadhari na ramani za kale zilizochorwa kwa futi. Nyingi zina inchi 1 kwa futi 8, yaani 1 kwa 96. Anayezisoma kana kwamba ni 1 kwa 100 ataupa ukuta wa mita 9.6 urefu wa mita 10.

Tangu programu ya AutoCAD ilipotokea mwaka 1982, ofisi nyingi zimeziweka bao kando, na si haki kuzilaumu, kwani kompyuta hurekebisha kwa dakika moja ramani ambayo ingechorwa upya kwa siku nzima. Lakini kompyuta humwezesha mwanafunzi kukuza na kupunguza picha apendavyo, hata asijue tena chumba chake ni kikubwa au kidogo. Ubaoni hana njia ya kukwepa swali hilo: kabla ya mstari wa kwanza yampasa kuchagua kipimo.

Zoezi la kwanza lifaalo ni chumba kimoja. Tuseme ndani yake kina mita 4 kwa 3, na kuta zake ni za mawe ya sentimita 20. Kwa kipimo cha 1 kwa 50, ndani ni milimita 80 kwa 60, unene wa ukuta ni milimita 4, na nje ni 88 kwa 68. Mlango wa sentimita 90 huwa milimita 18. Sasa mwanafunzi apime toka pembe moja ya ndani hata ile inayoikabili. Akipata milimita 100 kamili, chumba chake ni mraba. Akipata 98 au 102, arudi kutazama rula yake ya T. Ni hesabu ile ile ya tatu, nne na tano ambayo waashi huitumia kwa kamba wanapotia msingi.

Baada ya hapo achukue vigingi vinne na kamba, akakipime chumba kile uwanjani kwa ukubwa wake wenyewe, kisha aingie kwa mahali alipouweka mlango na kutazama kama kitanda kitapata nafasi.